Blokucheini na Mzigo wa Daftari

Wasanifu wa blokucheini wamebishana kwa miaka mingi juu ya swali moja: je, mambo magumu yawekwe katika tabaka la chini, ambalo ndilo daftari lenyewe, au yaachiwe tabaka la pili lijengwalo juu yake? Yamkini msomaji atadhani kuwa swali hili ni geni kwetu. Walakini Tanzania ilikwisha kulijibu, tena kwa njia mbili, katika historia ya fedha za simu. Na aliyelipa gharama ya majibu hayo ni mtu wa mahali kama Endasak.

Endasak ni kata ya Wilaya ya Hanang, katika njia ya Babati kwenda Katesh. Wairaqw na Wadatoga wa nchi hiyo wanajua tangu kale kuwa ng'ombe wa mtu huweza kulala katika zizi la rafiki yake, maziwa yakanywewa huko, na milki isihame. Ndivyo zilivyo fedha za simu, zilizoanza Tanzania mwaka 2008. Salio alionalo mtu katika simu ni mstari katika daftari la kampuni. Shilingi zenyewe zimewekwa benki kwa amana, na mabenki nayo husawazisha hesabu zao Benki Kuu kwa mfumo wa TISS, ulioanza mwaka 2004. Tabaka la chini likabaki jepesi. Malipo madogo madogo, pamoja na taabu zake zote, yakapanda juu.

Taabu hizo hazikutoweka kwa kupandishwa. Kila kampuni ilikuwa na daftari lake. Tuseme mama wa Endasak ameuza maharage, naye ataka kumpelekea mwanawe karo Arusha. Ikiwa laini zao zilikuwa za kampuni mbalimbali, mwana aliletewa namba ya siri, kisha akaenda kumtafuta wakala wa kampuni ya mama. Wengi waliona nafuu kuwa na laini mbili au tatu. Ugumu ambao mitambo ilikataa kuubeba uliingia mfukoni mwa mtumiaji.

Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilianza kupatana, mbili kwa mbili, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Hili lilikuwa jibu la tabaka la pili. Lakini kampuni nne zahitaji mapatano 6, na kampuni sita zahitaji 15. Mwaka 2021 Benki Kuu ilianza kuutumia mfumo wa TIPS, ambamo kila kampuni au benki huunganishwa mara moja tu na kituo kimoja. Ugumu ukashuka chini. Nafuu yake ni kubwa, nami siibezi; hata hivyo kituo kikikwama, hukwama na wote wanaokitegemea.

Bitcoin, iliyoanza Januari 2009, haina Benki Kuu. Kila mwenye kutunza daftari lake hana budi kuukagua kila mstari, kwa hiyo kinachoongezwa chini huwaelemea watunzaji wote. Bloku moja hupatikana kwa kadiri ya dakika kumi, na ukubwa wake ukawekewa mpaka. Waliotaka bloku kubwa walijitenga Agosti 2017 wakaanzisha Bitcoin Cash. Waliobaki walitegemea tabaka la pili liitwalo Lightning, lililoanza kutumika mwaka 2018. Humo malipo ni ya upesi, lakini mtu sharti afunge fedha zake mapema, kisha akeshe asije mwenziwe akaleta hesabu ya zamani. Mchungaji aliye malishoni pasipo mtandao atakeshaje? Ndipo wakabuniwa walinzi wa kumkeshea, na wakala akarudi kwa mlango wa nyuma.

Ethereum, ya mwaka 2015, ilikubali tangu mwanzo kuweka mengi chini. Baadaye nayo ikaelekea kwenye matabaka ya juu, na mitandao hiyo ikaungana kwa madaraja, mfano wa yale mapatano ya 2014, ila bila msimamizi. Machi 2022 daraja la Ronin, lililounganisha Ethereum na mtandao wa mchezo mmoja, liliibiwa fedha zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 600. Wezi hawakuligusa daftari la chini. Walizipata funguo za watunzaji wachache wa daraja. Machi 2024 Ethereum ililipa tabaka la chini nafasi maalumu ya kuwekea kumbukumbu za matabaka ya juu, na ada zikashuka sana. Kuvuka kutoka tabaka moja la juu kwenda jingine kuliendelea kuhitaji daraja.