Zaïre 74: nyimbo zilizongoja miaka 43

Mwenye kuchanganya nyimbo za soul na funk zilizosahauliwa, hapa Nguba ao pengine, aanzie Kinshasa. Tarehe 22 mpaka 24 Septemba 1974, mu Stade du 20 Mai, leo Stade Tata Raphaël, James Brown na Bill Withers walipita jukwaa moja na Franco, Tabu Ley na Miriam Makeba. Filamu Soul Power ya 2008 ilionyesha zaidi Wamarekani. Nyimbo za Waafrika zilibaki kwenye kanda mpaka 2017, ndipo zikatoka kwa albamu. Humo muko Abeti Masikini, mzaliwa wa Kisangani. Kwa hiyo, kisha Brown, apige Abeti: wote walikuwa wa jukwaa lile lile.