Magurudumu ya Kaboni: Kutoka kwa Mabingwa Hadi Kwenye Simu Yako

Januari 1984, kule Mexico City, Muitaliano Francesco Moser alivunja rekodi ya saa moja kwa baiskeli: kilomita 51.151. Magurudumu yake yalizibwa mazima kama sinia, hayakuwa na spoku za kukamata upepo. Tangu hapo kila mtu akataka magurudumu ya kasi, ila ya kaboni yalikuwa ya wenye pesa zao.

Baadaye viwanda vya China, hasa kule Xiamen, vikafyatua ringi za kaboni kwa wingi. AliExpress ilipokuja 2010, hata sisi wa kawaida tukaweza kuagiza.

Sasa kuna jamaa yangu, jina kapuni, aliagiza za bei chee, zile za breki za raba. Mteremko mrefu, kashika breki muda wote. Ringi ikachemka, gundi inayoshika nyuzi za kaboni ikalainika, ringi ikavimba, tairi paaa! Kapona na michubuko tu.

Breki za diski zinasaidia hapo, maana joto haliendi kwenye ringi. Kama yako ni ya raba, muulize muuzaji ringi inahimili joto kiasi gani. Akijing'atang'ata, achana naye. Punguzo lisikutoe roho, mwanangu.