Ulanga na kalsiti: mawe yanayotunza mwanga na usumaku wa molekuli

Ukichukua kipande cha ulanga, ukakipasua, ukakiweka ndani ya chombo kilichoondolewa hewa na kukipulizia mvuke wa molekuli zinazofaa, nyuzi nyembamba kuliko unywele kwa zaidi ya mara mia huota juu yake. Zote hulalia upande mmoja, kama nyasi zilizopigwa na upepo. Zikimulikwa kwa mionzi ya urujuanimno, hung'aa kwa rangi ya buluu. Hakuna mkono wala chombo kinachozipanga. Mpango wote hutoka katika atomi za jiwe lenyewe.

Kazi hii imefanywa kwa zaidi ya miaka ishirini katika maabara za Denmark, hasa Odense na Sønderborg, mji ulio jirani na mpaka wa Ujerumani, na pia Linz, Graz na Leoben nchini Austria. Swali lake kuu ni rahisi kulitaja: molekuli inayong'aa au yenye usumaku inaweza kuwekwa juu ya kitu gani bila kupoteza sifa hiyo?

Kwa nini jiwe, na si metali

Molekuli iliyopokea nishati huhitaji muda mfupi sana, sehemu ya bilioni ya sekunde hivi, ili kuitoa tena ikiwa mwanga. Ikiwa imegusana na dhahabu au fedha, elektroni zinazozurura ndani ya metali huinyang'anya nishati hiyo kabla haijatoka, na kinachobaki ni joto. Usumaku nao hupatwa na mkasa wa namna hiyo. Chanzo chake katika molekuli ni elektroni zisizo na wenzi, na elektroni za metali hujichanganya nazo hadi sumaku hiyo ndogo ikadhoofika au kufifia kabisa.

Katika madini yasiyopitisha umeme, elektroni zimefungwa mahali pake. Jiwe la aina hiyo huipangia molekuli mahali pa kukaa, kisha huiacha na mali yake.

Kwamba fuwele moja inaweza kuelekeza ukuaji wa nyingine si jambo geni. Mwaka 1836, mwanasayansi wa Kijerumani Moritz Ludwig Frankenheim alionyesha kwamba fuwele za nitrati ya sodiamu zikiota juu ya kalsiti hufuata mwelekeo wa kalsiti hiyo. Mwaka 1928 Mfaransa Louis Royer, aliyechunguza pia ukuaji wa chumvi juu ya ulanga, aliupa mwenendo huo jina la epitaksi, lililoundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya "juu ya" na "mpango".

Jiwe la kurasa

Mfasiri wa habari za sayansi mara nyingi hulazimika kuunda neno au kulikopa. Safari hii hapana haja: Kiswahili kina neno ulanga tangu zamani, na jiwe lenyewe limechimbwa katika milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, tangu zama za utawala wa Wajerumani. Mashariki na kusini mwa Afrika, Madagaska ndiyo inayotajwa zaidi leo kwa madini haya, na inatajwa pia kwa sababu ya kusikitisha: uchunguzi wa mashirika ya kutetea watoto umewakuta watoto wakiyachimba na kuyachambua kwa mikono. Sehemu kubwa huishia katika vifaa vya umeme, rangi na vipodozi. Maabara huhitaji vipande vichache tu, lakini vilivyo safi.

Ulanga umejengwa kwa tabaka zenye unene wa nanomita moja hivi, yaani sehemu ya milioni ya milimita, zilizoshikamanishwa na potasiamu. Ukibandika selotepu na kuivuta, jiwe hufunguka kama kitabu na kuacha uso usio na hata ngazi ya atomi moja kwa eneo pana. Potasiamu iliyobaki juu huupa uso huo chaji za umeme, na mistari ya atomi huuwekea mifereji isiyoonekana kwa macho.

Molekuli iliyochunguzwa zaidi juu yake ni para-heksafenili. Ni pete sita za kaboni zilizounganishwa kwa mstari, na urefu wake haufiki nanomita tatu. Inapotua juu ya ulanga uliopashwa moto hadi nyuzi 150 hivi za Selsiasi, hulala chali, na zinazofuata hujipanga ubavuni mwake kama vipandio vya ngazi. Kwa hiyo uzi hurefuka kwa kukingamana na molekuli, si kwa kuzifuata. Ulanga ukiwa baridi, molekuli hukwama zinapoangukia na vifuwele huwa vingi na vifupi. Ukipata joto la kutosha, molekuli hutangatanga kwanza kabla ya kujiunga na wenzake, na nyuzi huwa chache lakini ndefu, nyingine zikipita sehemu ya kumi ya milimita.

Aina ya ulanga nayo ina neno lake. Juu ya muskoviti, ulanga mweupe, nyuzi za eneo moja hufuata mwelekeo mmoja. Lakini ukivuka ngazi ndogo kwenda tabaka la jirani, mwelekeo unaweza kugeuka kwa nyuzi 120, kwa kuwa mifereji ya tabaka hilo imegeuka. Juu ya flogopiti, ulanga wa kahawia unaochimbwa kwa wingi Madagaska, nyuzi huelekea pande kadhaa katika eneo lile lile. Frank Balzer na Horst-Günter Rubahn, waliofanya utafiti huu Denmark, waliweza hivyo kusoma umbile la jiwe kwa kutazama tu nyuzi zilizoota juu yake.

Kwa kuwa molekuli zote zimeelekea upande mmoja, mwanga wake nao hutetema upande mmoja. Ukiutazama kupitia kichujio na kukizungusha, hufifia na kurudi. Uzi wenye upana wa kutosha huupitisha mwanga ndani yake hadi nchani, na mwaka 2004 watafiti wa Cagliari, Italia, pamoja na wa Linz walipata leza kutokana na nyuzi za namna hii.

Sumaku ya molekuli moja

Kwa upande wa usumaku, molekuli maarufu ni ftalosianini, jamii ya rangi ya buluu iliyomo katika wino wa kuchapia na rangi za nyumba. Umbo lake ni kama ua la petali nne, na katikati hukaa atomi ya shaba, chuma au kobalti. Mwaka 2003, Naoto Ishikawa na wenzake wa Japani walionyesha kwamba atomi ya terbiamu ikibanwa kati ya maua mawili kama hayo, molekuli moja pekee hutunza mwelekeo wa sumaku yake kwa muda.

Ilipotandazwa juu ya metali, kumbukumbu hiyo karibu yote ilipotea. Mwaka 2016 kundi la watafiti wa Uswisi liliweka kati ya molekuli na fedha utando mwembamba wa oksidi ya magnesi, ambayo katika maumbile hupatikana kama madini ya periklesi. Kumbukumbu ilirudi kwa nguvu, ingawa kwa baridi ya nyuzi 270 hivi chini ya sifuri.

Mshiko hafifu

Hisani hii ya madini ina bei. Jiwe lisiloinyang'anya molekuli mali yake haliishiki sana pia. Angelika Kühnle na wenzake nchini Ujerumani, wanaofanya kazi juu ya kalsiti, fuwele iliyomo katika mawe ya chokaa na marumaru, wameona molekuli nyingi zikiteleza na kurundikana kwenye kingo hata kabla ya kupashwa moto. Mojawapo ya njia walizotumia ni kuziunganisha kikemia zikiwa juu ya jiwe lenyewe, jambo walilofanikiwa kulionyesha mwaka 2011.

Nyuzi za buluu zina tatizo jingine. Ili ziwe sehemu ya kifaa, lazima zihamishwe kutoka kwenye ulanga. Maji husaidia: ulanga huyapenda, nyuzi huyakataa, hivyo hupenya chini yake na kuzinyanyua, lakini nyingi hukatika njiani. Zinazofika salama hukabiliwa na hewa. Zikimulikwa kwa urujuanimno penye oksijeni, molekuli huharibika na buluu hupauka taratibu. Utando wa kinga hupunguza kasi hiyo, bila kuikomesha.