Nyekundu Iliyopotea: Filamu ya Othokromatiki na Usomaji wa Picha Kongwe za Mafia

1. Utangulizi



Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya asili vya rangi vinavyopokea viambishi vya upatanisho: -eusi, -eupe na -ekundu. Rangi nyingine huzitaja kwa kuazima, ama majina ya vitu, kama majani na majivu, ama maneno ya kigeni, kama buluu. Mwaka 1969 Berlin na Kay walidai kuwa lugha yenye istilahi tatu za msingi za rangi huwa na hizo hizo tatu. Nadharia yao imepingwa na kurekebishwa, lakini inatupa mahali pa kuanzia.

Hoja yangu ni kwamba picha nyingi kongwe za pwani yetu zilipigwa kwa vioo na filamu zisizoijua rangi ya tatu. Mwanahistoria asiyelitambua jambo hilo aweza kumvua mtu hadhi yake bila kukusudia.

2. Jicho la filamu

Vioo vya mwanzo vya kupigia picha vilihisi hasa mwanga wa buluu na zambarau. Mwaka 1873 Hermann Wilhelm Vogel, mwanakemia wa Ujerumani, aligundua kuwa rangi maalumu ikitiwa katika utando wa kemikali huufanya uhisi pia kijani na manjano. Aina hiyo iliitwa othokromatiki, jina la asili ya Kigiriki lenye maana ya "rangi sahihi". Jina hilo liliahidi kupita kiasi, kwani nyekundu ilibaki gizani.

Vioo vya pankromatiki, vinavyohisi rangi zote, vilianza kuuzwa mwaka 1906. Hata hivyo, othokromatiki haikutoweka. Filamu ya Kodak Verichrome, iliyotolewa mwaka 1931, ilikuwa othokromatiki. Ile ya pankromatiki ilichukua nafasi yake mwaka 1956. Mafundi waliipenda kwa sababu iliweza kusafishwa chini ya taa nyekundu, fundi akiiona picha inavyojitokeza.

Filamu hizo zilitumika pia katika kamera za umbo la kati, zinazopokea filamu ya namba 120, yenye upana wa sentimita 6 hivi, ambayo Kodak iliianzisha mwaka 1901. Filamu yenye wepesi mdogo wa kuhisi mwanga ilidai jua kali au mtu atulie kitambo. Faida yake ilikuwa chembe ndogo za fedha, na kwa hiyo picha yenye mambo madogo madogo yanayosomeka.

3. Mafia: manowari na kanga

Mafia iliingia mapema katika historia ya upigaji picha. Waingereza waliiteka Januari 1915, wakaifanya kituo cha ndege zilizoipeleleza na kuipiga picha manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha katika delta ya Rufiji. Manowari hiyo iliangamizwa Julai 11, 1915. Katika kazi hiyo kilichotafutwa ni umbo la meli na mkondo wa mto. Kuikosa nyekundu hakukuwa hasara kubwa.

Katika historia ya jamii, hasara ni kubwa. Mafia ilikuwa kisiwa cha minazi iliyohudumiwa na watumwa, na utumwa ulikomeshwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Katika pwani nzima, mavazi yalitangaza hadhi. Kaniki, kitambaa cheusi cha nili, ilihusishwa na watumwa na kazi za shamba. Kanga ilivaliwa na wanawake waliotaka kuonekana waungwana. Sasa tuchukulie mwanamke aliyejitanda kanga nyekundu mbele ya kamera. Filamu ya othokromatiki humpa vazi jeusi. Aliye karibu naye, mwenye kaniki iliyofifia kwa kufuliwa, huenda akaonekana na vazi jepesi zaidi, maana filamu hiyo huipokea buluu vizuri. Msomaji wa picha huwapanga kinyume.

Ngozi nayo haikusalimika. Lugha yetu humtaja mtu kuwa mweusi, mweupe, mwekundu au wa maji ya kunde. Filamu hiyo huzitia giza ngozi zenye wekundu, ikawasukuma watu wa maji ya kunde upande wa weusi. Anayetumia picha kama hizo kugawa "makabila" ya kisiwa anasoma kemia, akidhani anasoma watu.

4. Hitimisho

Dawa ipo katika filamu yenyewe. Kaniki haina nakshi. Kanga ina pindo na mji. Negativu ya sentimita 6 iliyopigwa kwa filamu ya chembe ndogo huweza kuhifadhi pindo hilo hata pale nyekundu ilipogeuka nyeusi. Basi tusome nakshi kabla ya rangi, na tuitafute negativu ya asili badala ya kuridhika na nakala iliyochapwa kitabuni.

Wanafunzi wanaweza kulijaribu jambo hili. Tangu mwishoni mwa 2019 Ilford huuza filamu ya othokromatiki ya namba 120, yenye wepesi wa ISO 80 juani na 40 tu chini ya taa za nyuzi, ambazo mwanga wake mwingi ni mwekundu. Wapige picha kanga nyekundu na kaniki zilizoanikwa kamba moja juani Kilindoni, kisha wawaulize wazee majina ya nguo hizo kabla ya kuwaonyesha picha. Majina yataihifadhi tofauti ambayo picha imeifuta. Kwa hiyo ushahidi wa lugha ustahili kuwekwa kando ya picha kila tunapoandika historia ya pwani.