Mbio za Hisani na Mtoto wa Pemba: Fulana Inalipia Nini?

Umewahi kuvaa fulana ya mbio za hisani? Watu wamekimbia tangu enzi na enzi, lakini kukimbia ili mtoto wa mwenzako alipiwe hospitali ni jambo la juzi tu.

Aprili 1980, kijana wa Kanada aitwaye Terry Fox, aliyekatwa mguu kwa sababu ya saratani, alianza kukimbia kuvuka nchi yake kwa mguu wa bandia. Alikuwa akichangisha fedha za utafiti wa saratani. Alikimbia siku 143, kilomita 5,373, hadi ugonjwa ulipomrudia. Alifariki 1981, mwaka uleule London Marathon ilipoanza. Wazo likasambaa: wewe unatoa jasho, jamaa na marafiki wanatoa pesa.

Lilipofika kwetu, likabadilika sura. Miaka ya 1990, Mater Hospital ya Nairobi ilianzisha Mater Heart Run ili kulipia upasuaji wa moyo wa watoto ambao wazazi wao hawana uwezo. Hapa fulana ndiyo tiketi: unainunua, unaivaa, unakimbia au unatembea tu. Tanzania nayo, CRDB Bank Marathon ilipoanza 2020, ilichangia matibabu ya watoto wenye maradhi ya moyo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete (JKCI), Dar es Salaam. Kwetu mzigo mkubwa hubebwa na ada ya kujisajili na makampuni yanayodhamini, si michango ya jirani mmoja mmoja.

Kwa nini moyo? Kwa sababu unaelezeka haraka: mtoto mmoja, upasuaji mmoja, bei moja. Mdhamini anaelewa, na wewe unajua pesa yako imekwenda wapi.

Sasa tuvuke bahari hadi Pemba. Tuseme mtoto wa Micheweni, huko kaskazini ya kisiwa, amegundulika valvu ya moyo imeharibika. Upasuaji wake uko Dar es Salaam. Ashuke hadi bandari ya Mkoani, apande boti kwenda Unguja, halafu boti nyingine. Mama yake aache shamba na watoto wengine, atafute pa kulala mjini. Akiwekewa valvu ya bandia ya chuma, atameza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, na damu ipimwe mara kwa mara. Mbio zimekwisha asubuhi moja, kipimo hakiishi.

Kuna jambo jingine. Watoto wengine huzaliwa na tundu kwenye moyo, lakini wengi wanaoharibikiwa valvu walianza na maambukizi ya koo ambayo hayakutibiwa. Penisilini, dawa ya bei ndogo, ingeweza kuwakinga. Ila nani atauza fulana iliyoandikwa "koo"?

Pemba yenyewe inaijua kazi ya kimyakimya ya namna hiyo. Mwaka 2000, Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri ilifunguliwa Chake Chake, ikapewa jina la mtaalamu wa vimelea kutoka Italia. Kichocho na minyoo ni miongoni mwa maradhi inayoyachunguza. Kupambana nayo ni kupima mikojo na vinyesi, kugawa vidonge skuli, kisha kurudia tena na tena. Hakuna mstari wa kumalizia wala medali, lakini watoto wanaofikiwa ni wengi kuliko meza yoyote ya upasuaji.

Sisemi mbio ziachwe. Mtoto ambaye valvu yake imeshaharibika hawezi kusubiri kinga. Anahitaji daktari leo, na fulana hizo zimeokoa maisha. Ninachosema ni hiki: ukijisajili safari ijayo, waulize waandaaji maswali matatu. Nauli na malazi ya mzazi wa kisiwani vimo? Nani atalipia dawa na vipimo baada ya upasuaji? Na je, kuna sehemu ya fedha inayokwenda kwenye zahanati, mahali ambapo koo linatibiwa kabla moyo haujaguswa?

Wakiulizwa na wakimbiaji wa kutosha, watalazimika kuwa na majibu.