Lugha za tovuti na watu waliochoka kurudia kazi

Tim Berners-Lee alipoitangazia dunia tovuti yake mwaka 1991, pale CERN, maabara ya fizikia karibu na Geneva, kurasa nyingi zilikuwa faili zilizoandikwa kwa mkono. Namba ya simu ya ofisi ikibadilika, mtu alifungua faili moja baada ya nyingine na kuirekebisha kila ilipotajwa. Kwa kurasa kumi, si neno. Kwa kurasa mia tatu, siku imekwisha.

Chombo cha kuondoa adha hiyo kilikuwa kimeshaundwa kwa shughuli nyingine. Desemba 1987 Mmarekani Larry Wall, mtu aliyesomea isimu, alitoa Perl, lugha ya kuchambua mafaili ya maandishi na kutoa ripoti. Mwaka 1993 ukaja utaratibu wa CGI, ulioiwezesha seva kuita programu na kumrudishia msomaji jibu lake kama ukurasa. Perl ikapata soko jipya: fomu za maoni na vihesabu vya wageni. Wall aliutaja uvivu kuwa miongoni mwa sifa za mwandishi mzuri wa programu, na nadhani alikuwa sahihi: mvivu wa namna hiyo hutoka jasho mara moja ili asitoke tena.

Lugha ya PHP ilizaliwa bila kupangwa. Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, mwaka 1994 aliandika programu ndogo kwa lugha ya C apate kujua nani wanausoma wasifu wake mtandaoni. Juni 1995 akazigawa bure. Hakuwa na nia ya kuunda lugha, na dalili zake zipo hadi leo: majina ya amri hayafuati mpango mmoja. Lerdorf mwenyewe ameeleza kwamba mwanzoni programu ilizitafuta amri kwa urefu wa majina yake, hivyo ikabidi majina yatofautiane kwa urefu. Andi Gutmans na Zeev Suraski, wanafunzi huko Israeli, waliisuka upya, na PHP 3 ikatoka 1998.

Wataalamu waliicheka. Wanafunzi waliipenda, kwa sababu huchomekwa katikati ya ukurasa wa kawaida. Andika <?php echo date("Y"); ?> chini ya ukurasa, na mwaka utajibadilisha wenyewe kila Januari. Wikipedia, iliyoanza 2001 kwa programu ya Perl, ilihamia PHP mwaka uliofuata kwa kazi ya Magnus Manske. Wikipedia ya Kiswahili nayo huendeshwa kwa programu ya PHP. WordPress, programu ya kuendeshea blogu, ikafuata mwaka 2003.

Mkongwe mwingine ni cron, programu ya miaka ya 1970 inayoendesha kazi kwa ratiba, anayefanya kazi watu wamelala. Ukimwandikia 0 2 * * * na jina la skripti, ataiendesha kila siku saa nane usiku. Lakini kagua kwanza saa ya seva: ikifuata UTC, kwetu Afrika Mashariki itakuwa saa kumi na moja alfajiri.

Anayetaka kujifunza asianze na kitabu kizima. Achague kazi moja inayomchosha kila wiki, kama kunakili hifadhidata, aiandikie skripti fupi, na aijaribu kwenye nakala kabla ya kuigusa tovuti yenyewe.