Uchache wa limfosaiti na kinga kushambulia mwili

Limfosaiti ni chembe nyeupe za damu zinazoongoza kinga. CD4 ni kundi mojawapo. Mtu mzima mwenye afya huwa na CD4 kati ya 500 na 1,500 hivi katika kila maikrolita ya damu. Wengi hudhani kinga iliyopungua haiwezi kumdhuru mwenyewe. Sivyo.

Limfosaiti zikiwa chache, vichocheo vya ukuaji kama intaliukini-7 hubaki vingi kwa zile zilizosalia. Hizo huzaliana kwa kasi ili kujaza pengo, na baadhi yake huwa ni zile zinazoitambua miili yetu kana kwamba ni adui. Chembe za kudhibiti, zenye kazi ya kuzituliza, huenda nazo zimepungua. Mwaka 1969 watafiti Wajapani Nishizuka na Sakakura waliwatoa panya jike wachanga tezi ya thaimasi, inayokuza limfosaiti, siku ya 3 baada ya kuzaliwa. Ovari zao zikaharibika, zikishambuliwa na kinga yao wenyewe. Mjapani mwenzao Shimon Sakaguchi aliifuata njia hiyo, akazibainisha chembe za kudhibiti mwaka 1995, na akashiriki Tuzo ya Nobel ya 2025. Lakini uchache pekee hautoshi kuleta ugonjwa. Urithi nao una sehemu yake.

Nchini Tanzania, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliripotiwa Kagera mwaka 1983, sababu inayojulikana zaidi ya CD4 kushuka ni VVU. Mtu wa Kilakala, Morogoro, aliyeanza dawa za VVU (ARV) akiwa na CD4 chini ya 100 anaweza, mwaka mmoja hadi mitatu baadaye, kupata ugonjwa wa Graves: kinga inayorejea huichochea tezi ya shingo kupita kiasi. Si jambo la kawaida, ila hupotosha. Mgonjwa hukonda, hutoka jasho, mikono hutetemeka, moyo humwenda mbio. Majirani husema dawa zimemkataa, na hata mhudumu huwaza kifua kikuu kwanza. Kumbe CD4 zinapanda.

Katika lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga kushambulia mwili, mambo ni kinyume mara nyingi: kinga yenyewe ndiyo huziua limfosaiti.

Tangu 2016 Tanzania huanzisha ARV bila kusubiri CD4 zishuke, na hilo hupunguza hatari. Mwenye dalili zilizotajwa asiache dawa. Aombe kliniki yake ya VVU (CTC) impime homoni za tezi ya shingo.